Nani Anafyeka Reli ya Ikubo?

Kyimo,
18 Agosti 2024

Dada Hellen,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa juu ya reli, kwa hiyo mwandiko ukipinda usidhani naumwa. Hotpoti ya Babu iko pembeni yangu. Leo ni ndizi na maharage, na Mama ameweka kipande cha parachichi juu yake. "Mwambie asianze na parachichi akashiba," amesema. Kila siku anamwambia hivyo kupitia kwangu, na kila siku Babu anaanza na parachichi.

Tangu Bibi atutoke mwezi wa tano, mimi ndiye ninayepanda Ikubo kwa Babu jioni. Napitia njia kubwa ya mgongoni mwa kilima, ile ya mikaratusi. Katikati ya mpando, pale njia inapokatana na reli ya zamani, napumzika na kusoma kurasa chache. Pakiwa wazi, mlima Rungwe unaonekana mzima. Leo haupo. Ukungu umeshuka mpaka kwenye magoti yangu.

Unaikumbuka reli? Ni vyuma viwili vyembamba vinavyochungulia hapa na kuzama vichakani pale. Babu anasema zamani, kabla ya matrekta, troli ziliteremsha majani ya chai kwa reli hii kutoka mashamba ya juu, nyuma ya nyumba yake, mpaka banda la kupimia lililo bondeni karibu na kwetu. Banda sasa ni kuta tatu na mgomba. Nimeitafuta reli hii katika vitabu vyote vya shule. Haimo.

Sasa jambo lenyewe. Mwalimu Jacob, wa Jiografia, ametoka Mara, hazijui desturi zetu. Alinikuta njiani na hotpoti akauliza, "Kwa nini mama yako asipeleke mwenyewe?" Nilimweleza kwamba huku kwetu mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hasemi naye, jina lake halitaji. Wakikaribia kukutana, mmoja anaacha njia. Nikasema ni heshima. Mwalimu akautazama mlima, akautazama mzigo, akasema, "Ni heshima yenye mpando mkali."

Mwalimu huyo ndiye aliyenipeleka kwenye usaili wa shule moja ya bweni Njombe. Wanachukua wanafunzi wachache wa kidato cha tatu kwa ufadhili. Dada, maktaba yao ina ngazi ya kufikia vitabu vya juu! Waliniambia nijieleze. Nilishindwa kujieleza, nikaeleza reli. Majibu yatatoka mwezi ujao.

Mama hajui. Nilimwambia nakwenda kwenye semina ya kwaya. Mungu anisamehe, hata kuimba sijui. Usimwambie, wala Babu, kwa sababu nikipata, nani atapanda na chakula? Baba yuko Mufindi kiwandani mpaka Krismasi. Wewe uko Iringa. Mama Beatrice wa jirani alijitolea mwezi wa sita, na kabla wiki haijaisha kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba Babu analishwa ugali bila mboga. Mboga ilikuwepo, Mama Beatrice alikuwa hajafunua chini.

Hotpoti inapoa. Kwaheri.

Mdogo wako,
Ezron

*

Iringa,
1 Septemba 2024

Profesa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma bwenini kwa sauti, isipokuwa ile sehemu ya siri, na wenzangu wanauliza kama huyo kaka anayesoma juu ya reli ana mchumba. Nimewaambia ana mchumba, ni ngazi.

Umenikumbusha Mama siku ile ya sikukuu ya mavuno. Ulikuwa bado mdogo. Tulikuwa tunatoka hospitali ya Makandana kwa miguu, amevaa gauni lake jipya la njano, mara Babu huyo anatokea kwenye kona na baiskeli. Mama hakufikiri mara mbili. Aliruka mfereji akaingia kwenye shamba la mihogo la watu, akachuchumaa. Babu naye aligeuza baiskeli akarudi alikotoka, wakati alikuwa anakwenda kuuza maziwa! Maziwa yale yaliganda siku hiyo. Mimi nilicheka mpaka Mama akanifinya. Akasema, "Unacheka nini? Unaona yule mzee amerudi na maziwa yake kwa ajili yangu?" Niliacha kucheka, ingawa sikuelewa mpaka nilipokua.

Siri yako iko salama. Nitamwambia nani, na simu hatuna? Simu ya matroni ni ya wagonjwa na misiba.

Nijibu jambo moja: ile reli bado inapitika kuanzia chini mpaka juu? Na pale korido, walipopasua kilima, je? Naulizia tu.

Ukichaguliwa, nenda. Mengine yatapatiwa njia.

Dada yako,
Hellen

*

Kyimo,
8 Oktoba 2024

Dada Hellen,

Shikamoo. Nimechaguliwa.

Nimeandika neno hilo kwenye mstari wake peke yake ili nilitazame. Mwalimu Jacob alinipa habari mbele ya ofisi, akanishika mkono mbele ya watu, nikatamani kuingia chini ya meza. Natakiwa kujibu kabla ya mwisho wa Novemba. Nimeshaandika jibu la kukataa, kwa adabu, lakini bado sijalipeleka posta.

Kwanza nilijaribu kumpima Babu. Nilimwuliza kwa mzunguko:

"Babu, mtu mwenye mguu unaouma akipata safari nzuri, afanyeje?"

"Mguu wa nani unauma?"

"Wa mfano tu, Babu."

"Basi huyo Mfano aende Makandana akachomwe sindano," akasema, akaendelea na parachichi. Halafu akaniangalia muda mrefu, macho yake yakiwa kama yanacheka, akaniita anavyolitamka jina langu siku zote. "Gwe Eziloni, wewe. Nyinyi mnaosoma sana mnaumwa miguu ya watu wengine."

Nikaona hakunielewa. Kwa hiyo nimeamua kubaki. Shule ya kutwa nayo ni shule. Usinijibu kwa hasira.

Umeulizia reli. Ajabu ni kwamba tangu ulipouliza imeanza kubadilika, na hilo ndilo linaninyima usingizi. Mtu anaifyeka! Wiki ya pili ya Septemba niliona majani yamekatwa bondeni, kuanzia banda la kupimia kupanda juu. Vizuri kabisa, karibu na ardhi, na majani yamefungwa mafungu na kuwekwa pembeni. Nikadhani ni mtu wa ng'ombe. Lakini wiki iliyofuata nikaona kule juu pia, nyuma ya shamba la Babu, mtu mwingine anateremka. Huyu wa juu anatumia panga, anakata ovyo, lakini ameng'oa hata visiki na kupanga mawe pale panapoteleza. Kila Jumamosi jioni ninapopita, wa chini amepanda zaidi na wa juu ameteremka zaidi. Wanafanya kazi Jumamosi asubuhi, nikiwa kwenye masomo ya ziada, kwa sababu Ijumaa huwa hakuna mabadiliko.

Nimefikiri sana, Dada. Wanunuzi wa chuma chakavu wamejaa barabara ya Isongole. Nadhani ni makundi mawili ya wezi yanasafisha njia ili wang'oe reli yote kwa mara moja. Wakikutana katikati, itakuwa imekwisha. Nami ndiye pekee niliyegundua.

Unajua ninavyoogopa kuongea na wakubwa. Lakini nilikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Nelson, nikamweleza mpaka mwisho bila kukwama. Akasema nimefanya kazi ya kizalendo. Jumamosi ya tarehe 19 mgambo watawavizia, wawili chini na wawili juu, na mimi nitakuwepo kuonyesha mahali.

Kama reli hii haimo vitabuni, angalau iwepo kilimani.

Ezron

*

Iringa,
16 Oktoba 2024

Ezron,

Nimepata barua yako saa hii hii na naandika nimesimama. USIWAPELEKE MGAMBO. Nenda kwa Mzee Nelson sasa hivi umwambie umekosea, umwambie chochote, umwambie umeota.

Fikiri kidogo, wewe mwenye akili. Nani katika kijiji chetu anakata majani kwa mundu karibu na ardhi na kuyafunga mafungu, hata kama hana ng'ombe, kwa sababu hawezi kuona kitu kimetawanyika? Unakula chakula chake kila siku.

Na nani mwenye panga butu?

Naomba Mungu posta ya nchi hii siku moja tu ikimbie.

Hellen

*

Kyimo,
20 Oktoba 2024

Dada Hellen,

Sijui nianzie wapi. Kama umeniandikia, bado haijafika.

Nitaandika kama ilivyokuwa. Jana tulikwenda kulipopambazuka. Ukungu ulikuwa mzito, ukinyoosha mkono vidole vinapotea. Mgambo wawili walizunguka kwa juu. Wengine wawili walibaki bondeni. Mimi na Mzee Nelson tulijibanza pale korido, mahali walipopasua kilima ili reli ipite, penye kuta mbili za udongo ndefu kuliko kimo cha mtu. Unapakumbuka palivyo pembamba. Katikati yake kuna matete marefu, na hapo pekee ndipo palikuwa hapajafyekwa.

Tulisikia panga likilia upande wa juu. Upande wa chini hatukusikia kitu, mundu haupigi kelele. Halafu filimbi ikapigwa juu, ikajibiwa chini, na watu wakaanza kufokeana kwenye ukungu.

"Simama hapo hapo!"

"Tembea mbele! Utajieleza kwa mwenyekiti!"

Mgambo hawa ni vijana wageni kutoka mjini, Dada, hawamjui mtu. Kila kundi lilimsukumia mtu wao kwenye korido. Matete yakapasuka kutoka upande huu, yakapasuka kutoka upande ule.

Alikuwa Mama. Na alikuwa Babu.

Walikuwa karibu kama mimi na karatasi hii. Sijawahi kuwaona wawili hao mahali pamoja maisha yangu yote, hata msibani kwa Bibi. Kanisani Babu anakwenda ibada ya kwanza na Mama ya pili. Mama alipiga magoti pale pale kwenye mataruma ya reli, akajifunika kanga mpaka kichwani, akawa mdogo sana. Babu alidondosha panga. Alivua kofia yake akafunika nayo uso, akageukia ukuta, akasimama hivyo kama mtoto aliyeadhibiwa. Pa kwenda hapakuwepo, kuta huku na huku, na mgambo nyuma ya kila mmoja.

Mgambo mmoja akacheka. "Sasa hawa wanaoneana aibu ya nini? Wote wezi!"

Sijawahi kumsikia Mzee Nelson akipaza sauti. Alisema, "Nyamaza! Huyu ni mkamwana wake! Mnajua mmefanya nini?" Halafu, "Geukeni. Kila mtu ageukie ukuta. Na wewe, geuka!"

Tuligeuka wote. Mwenyekiti, mgambo wanne na mimi, pua zetu kwenye udongo. Nikasikia kanga ya Mama ikipita nyuma yangu, na miguu yake ikiteremka kwenye mataruma, halafu ikikimbia.

Nyumbani nilimwuliza alikuwa anafanya nini kule. Akasema, "Nakata majani." Ya nini? "Ya kufunikia migomba." Babu nilipompelekea chakula nilimwuliza pia. Akasema alikuwa anatafuta fito za banda la kuku. Hakufungua hotpoti. Alinirudishia ikiwa imejaa akasema, "Mwambie ndaga, nimeshukuru. Leo sina njaa." Hata parachichi hakuligusa.

Leo Mama hakwenda kanisani. Anasema labda akakae kwanza kwao Isongole kwa shangazi, kwa sababu watu watasema. Mimi ndiye niliyeita mgambo, Dada. Kumbe hawakuwa wanaiba kitu chochote, na mimi nimeiba kitu ambacho hata jina lake silijui.

Ezron

*

Iringa,
30 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Kaa chini usome taratibu. Barua zetu zilipishana njiani, sasa umeshaipata ile yangu na umeshajua kwamba nilichelewa.

Usibebe mzigo huu peke yako, maana nusu yake ni yangu. Sikuitunza siri yako. Ile barua yako ya kwanza ilipofika, nilimwambia matroni nina mgonjwa nyumbani, nikapewa simu, nikampigia Mama. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu akasema, "Kwa hiyo anakwenda Njombe, halafu anabaki kwa sababu ya ugali?" Nikamwambia kuhusu reli. Reli inaanzia kwetu inaishia kwa Babu, na haifuati njia kubwa. Akipanda kwa reli mpaka korido, akaacha chakula kwenye matete akarudi, naye Babu akateremka baadaye kukichukua, hawataonana milele.

Siku hiyo hiyo nikamwandikia Babu maneno yale yale, kwa mkono wa mzee wa kanisa. Wote wawili niliwaonya wasikuambie mpaka majibu yatoke, usije ukajiona unafukuzwa. Ila sikumwambia yeyote kwamba nimemwambia na mwenzake. Nilidhani mmoja angetosha kufyeka. Kumbe kila mmoja alichukua chombo chake akaanza upande wake, ili mwenzake asipate taabu. Yule wa chini hakujua wa juu anakuja.

Kwa hiyo wezi wako walikuwa wanakufyekea wewe. Wote nyumbani walikuwa wanajua kitu, isipokuwa mgunduzi.

Sasa sikiliza. Ukituma ile barua ya kukataa, watakuwa wamedhalilika bure. Usiende kuwaomba msamaha kwa maneno mengi ya vitabuni. Mpelekee Babu chakula, na asipokula, kaa naye. Mama asiende Isongole. Mwambie nimesema mimi mkubwa. Ee, najua, atacheka. Ndiyo nataka acheke.

Hellen

*

Kyimo,
17 Novemba 2024

Dada Hellen,

Shikamoo. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili umekwisha. Jiografia ilikuwa nzuri. Kulikuwa na swali la usafiri wa reli, nilijizuia.

Nilifanya ulivyosema. Nilikaa na Babu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, tukawa tunatazama maji yanavyoteremka kwenye njia ya reli, ile aliyoipanga mawe. Jioni ya pili akaanza kuongea bila kunitazama.

"Alitoka kwao akiwa binti mdogo, akaja kwangu. Miaka yote hii sijui sura yake. Lakini chumvi yake naijua. Siku akiwa na hasira inazidi, siku akiwa na huzuni anasahau. Siku ile ya leli, chakula ulicholeta hakikuwa na chumvi kabisa."

"Hukukifungua, Babu."

"Nilionja ulipogeuka kutazama nje. Kidogo tu kilichokuwa kwenye mfuniko." Akajikohoza. "Nilikirudisha kwa sababu ya aibu, na mimi kukirudisha ndiyo ilikuwa aibu zaidi."

Akanyanyuka, akaingia bandani, akatoka na tembe mweusi akiwa amemfunga miguu. "Mpelekee mama yako. Mwambie aibu ya siku ile si yake. Ni ya kwangu mimi mwenye nyumba. Kwetu neno kama lile halifutwi kwa mdomo."

Nikateremka kwenye matope na kuku kwapani. Mama alimpokea akiwa mlangoni. Alimfungua miguu, akampa mtama, akamtazama anavyokula. Baadaye akasema, "Huyu hachinjwi. Huyu atataga." Na akaweka masufuria jikoni. Habari ya Isongole haijasikika tena.

Wakati tunakula akaniuliza, macho kwenye sahani, "Kwa hiyo ile semina ya kwaya ulifaulu?"

Nilipaliwa na ugali. Akanipiga mgongoni, na alikuwa anacheka, Dada. Nimemwambia ulivyosema wewe mkubwa. Alicheka zaidi.

Barua ya kukubali nimeituma. Ile ya kukataa nimeichoma mafigani, ingawa ilikuwa na sentensi moja nzuri.

Kitu kimoja tu hakijatulia. Nilitaka kumalizia kufyeka yale matete ya korido kabla sijaondoka, ili njia iwe moja, kamili. Babu alinishika mkono. "Hayo yaache. Huo ni mlango wa mama yako." Mama naye alisema yasiguswe. Nimeyaacha. Lakini nikiyatazama najiuliza: siku Babu akiugua, siku Mama akianguka kule na utelezi huu, nani atasema na nani? Mimi nilikuwa nabeba ugali, lakini nilikuwa nabeba na maneno pia. Ugali umepata njia. Maneno je?

Njoo mapema Desemba. Tutapanda Ikubo pamoja, juu mpaka mwisho. Nitakuonyesha nguzo za daraja la troli nilizozigundua huko juu.

Ezron

*

Kyimo,
9 Februari 2025

Mwanangu Ezron,

Hujambo? Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mimi sijaandika barua tangu baba yako aliponiposa, kwa hiyo usinisahihishe kwa kalamu nyekundu.

Nimefurahi kusikia umepanda ile ngazi ya vitabu. Kula vizuri. Njombe ni baridi kuliko huku, sweta uvae ndani ya shati la shule kama wanakataza juu. Hellen alirudi Iringa salama. Tangu mlipopanda kilima siku ile anasema magoti yake hayajapona, na anasema ulimsimulia reli mpaka akatamani kuruka.

Kuku anataga. Nyumbani tunabakiza mayai ya kutosha, mengine yanapanda juu kwa mzee.

Sasa nikwambie habari za njia, najua ndiyo unayoingojea. Kila jioni napanda kwa reli mpaka pale kwenye matete. Naweka hotpoti kwenye jiwe, nachukua ya jana, nakohoa kidogo, nageuka. Nikishafika kwenye kalvati, chini kidogo ya korido, nasikia matete yanatikisika, najua amechukua. Hotpoti ya jana nakuta imeoshwa inang'aa. Ulipokuwa unapeleka wewe ilikuwa inarudi na maganda ya maharage. Sijui nani kati yenu alikuwa mvivu.

Ilikuwa hivyo bila neno mwezi mzima. Halafu wiki iliyopita mvua ilinyesha mchana kutwa. Nikawaza nisiende, nikawaza mzee atalala njaa, nikaenda. Nilipofika korido mguu uliteleza kwenye chuma, nikaanguka na hotpoti. Sikuumia sana, goti tu, lakini nilipiga ukelele. Matete yakatikisika upande wa pili. Kumbe siku hiyo alikuwa amewahi, yuko pale pale, ananisikia. Mimi nikajifunika kanga, nikaganda. Nikasikia anapumua. Nikajua hawezi kuja na hawezi kuondoka.

Halafu akasema kwa sauti, "Gwe Eziloni!"

Nikashtuka. Nikageuka nikitazama nyuma, nikidhani umetoroka shule.

"Eziloni," akasema tena, "mwulize mama yako kama ameumia."

Mwanangu, nilikaa pale kwenye maji sijui nifanye nini. Tangu niolewe sikuwahi kutoa sauti yangu akiwa karibu. Lakini hakuniuliza mimi. Alikuuliza wewe. Nikasema, "Ezron, mwambie babu yako sikuumia. Ila maharage yamemwagika."

Akasema, "Mwambie maharage si kitu. Eziloni, mwambie ashike ukuta wa kushoto, kulia pana utelezi. Kesho nitaweka mawe."

Nikasema, "Ezron, mwambie nimesikia."

Kesho yake nikakuta mawe yamepangwa. Na tangu siku hiyo tunakuita. Jana alisema, "Eziloni, mwambie mama yako baba yako Edward amepiga simu kwa mchungaji, atakuja Pasaka." Nami nikasema, "Ezron, mwambie babu yako asianze na parachichi." Mzee alicheka, nikamsikia. Sauti ya kicheko chake ni kama ya baba yako, sikujua.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, soma. Kila jioni jua likielekea mlimani, sisi tunakuwa kule kwenye matete, mmoja huku na mmoja kule, na wewe katikati. Tunakutuma sana. Hujawahi kutukatalia.

Mama yako,
Felista